Naomba ushauri: wingi wa nomino za Kiingereza, nifundishe kanuni au akariri tu?

Habari zenu wakuu. Kuna kijana namfundisha Kiingereza, sasa tumefika kwenye wingi wa nomino. Zile za kawaida hazina shida: book inakuwa books, box na church zinachukua -es, city inageuka cities ilhali boy inabaki boys kwa sababu y imetanguliwa na irabu.

Kasheshe ni pale kanuni inapogoma. Leaf ni leaves na wife ni wives, lakini roof ni roofs na chief ni chiefs. Potato inataka -es, piano na photo hazitaki. Kwenye o nimemweleza kwamba maneno mengi ya Kiitaliano na yale yaliyofupishwa huchukua -s tu, na inasaidia kiasi. Kwenye f sina la kumpa zaidi ya kukariri.

Foot na feet, mouse na mice, ox na oxen anazikubali, maana ni chache na ni mabaki ya Kiingereza cha kale. Sheep isiyobadilika wala haimsumbui. Na sisi tuna nyumba moja, nyumba kumi.

Ninalosita ni yale ya Kigiriki na Kilatini: criterion na criteria, analysis na analyses, halafu formula inayokubali formulas na formulae zote mbili. Nimpe sasa, au nisubiri akutane nayo kwenye usomaji? Na hizo za f, kuna aliyepata njia bora kuliko orodha?