Mrejesho: kumbe kadi yangu haikuibiwa

Jamani mlionijibu asanteni sana. Niliuliza kwa nini mteja kalipa tisheti dola 25 halafu kadi yangu mimi niliye huku Kampala ndo ikakatwa 17, kumbe ndo utaratibu, mteja analipa kwenye duka langu la mtandaoni, mchapaji (kampuni inayochapa tisheti kwa kila oda na kumtumia mteja) ananikata mimi kwenye kadi dola 12 za tisheti na 5 za usafiri kabla hajachapa, hela ya mteja inanifikia siku kadhaa baadaye. Toa makato ya malipo kama dola 1, nabaki na 7. Kadi isikae tupu kabisa, oda yangu ya pili ilikwama hivyo na mteja akasubiri wee, iliniuma. Nikitoa kwa pesa ya simu serikali nayo inachukua 0.5%, mbali na ada ya kutoa. Bei nimepandisha hadi 28.