Kura nyingi, viti vichache: Wisconsin 2018 iliwezekanaje?

Msomaji_wa_Usiku:
Wakuu, nisaidieni. Napitia matokeo ya Marekani ya 2018, nimefika Wisconsin nimekwama. Tony Evers wa Democratic alimwangusha gavana Scott Walker wa Republican. Kwenye bunge la chini la jimbo, Democratic walipata karibu asilimia 53 ya kura zote. Njoo kwenye viti sasa: Republican 63, Democratic 36! Na sioni aliyelalamika kwamba kura ziliibwa. Hesabu hii inatoka wapi?

Kalamu_na_Ramani:
Hazikuibwa, mkuu. Kazi ilishamalizika 2011. Kila baada ya sensa ya miaka 10, mipaka ya maeneobunge huchorwa upya, na majimbo mengi kule yamewaachia wabunge wenyewe kalamu. Mwaka ule Republican wa Wisconsin walikuwa na mabaraza yote mawili pamoja na ugavana. Nani angewazuia?

Hila ni mbili tu: walundike wapinzani sehemu chache, wanaobaki watawanye. Chukua karatasi uone. Wapiga kura 50, maeneo 5 ya watu kumi kumi. Chama A kina watu 30, B kina 20. Mpe B kalamu: atawajaza A tisa tisa kwenye maeneo mawili, wale 12 waliobaki awagawe wanne wanne kwenye maeneo matatu. Huko B anakuwa na sita sita. B viti vitatu, A viwili, na kila mtu kapiga kura yake kwa amani.

Ndiyo maana mimi mbunge akishinda kwa asilimia 90 sishangilii. Kura zote zile za ziada hazimletei mwenzake wa jirani hata kiti kimoja.

Ugavana hauingiliki kwa njia hii, kwa kuwa jimbo zima ni eneo moja. Walker akaenda nyumbani, bunge likabaki palepale.

Mbishi_Halisi:
Hiyo 53 ina walakini. Maeneo mengi mwaka ule Republican hawakusimamisha mtu, kwa hiyo kura za Democratic zimevimba. Halafu Democratic wamejazana wenyewe kwenye miji ya Milwaukee na Madison. Hapo nani kawalundika?

Kalamu_na_Ramani:
La kwanza ni kweli, tuiache 53. Tumia kura za ugavana, ambako wagombea walikuwa walewale kila kona. Walker alishindwa kwa zaidi kidogo ya asilimia 1, lakini aliongoza katika maeneo 63 kati ya 99. Angalia namba hiyo vizuri.

La pili ni nusu ya habari. Desemba 2023 Mahakama ya Juu ya Wisconsin iliitupa ramani iliyorithi ile ya 2011 (kisheria kosa lilikuwa vipande vya maeneo visivyoshikana, si upendeleo wa chama). Uchaguzi wa 2024 ukaenda na ramani mpya: Republican 54, Democratic 45, mwaka ambao Trump alilichukua jimbo kwa chini ya asilimia 1. Kwa hiyo jiografia inawabeba Republican, sikatai. Ila haiwafikishi 63.

Dada_Hesabu:
Na msiwaonee Republican peke yao. Jimbo la Maryland, Democratic walilichora upya eneo la 6 la Bunge la Marekani mwaka 2011, na Roscoe Bartlett wa Republican, aliyekuwa mbunge tangu 1993, akaanguka 2012. Democratic wakawa na viti 7 kati ya 8 vya Maryland. Mahakama ya Juu ya Marekani nayo ilinawa mikono 2019, majaji 5 kwa 4: upendeleo wa kichama kwenye ramani si kazi ya mahakama za shirikisho.

Msomaji_wa_Usiku:
Asanteni, ya karatasi imenifungua macho. Si wawape tume huru basi?

Dada_Hesabu:
California wanayo. Mwaka 2025 Texas ilipochora upya katikati ya muongo ikiwasakia Republican viti 5 zaidi, wapiga kura wa California waliiweka kando ramani ya tume yao hadi 2030 ili wajibu mapigo.