Mjadala: Fungu la maskini litoke kwanza, au lisubiri jengo liishe?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na Tumsifu Yesu Kristo kwa ndugu zetu Wakatoliki.

Naomba tulijadili hili waziwazi maana kwenye vikao vya wazee huwa linazimwa haraka. Usharika unakusanya mwaka mzima, halafu maskini wa mtaa uleule anangoja Krismasi aletewe mchele na sabuni, tena apigwe picha. Ndivyo Kristo alivyotuagiza?

Hapa Dar bahasha tunazijua: ya zaka, ya ahadi, ya jengo, ya mavuno. Ibada ikiisha kuna mnada pale nje. Kuku anapandishwa mpaka elfu hamsini, mkungu wa ndizi unanunuliwa na kurudishwa uuzwe tena, watu wanashangilia. Naupenda mnada ule, kwa sababu unaonyesha fedha ipo na moyo wa kutoa upo. Lakini wiki hiyohiyo mama mjane wa jumuiya yetu, mpangaji wa chumba kimoja huku Kimara, alikuwa anadaiwa kodi ya miezi mitatu. Aliandika barua, akajibiwa mfuko wa diakonia, yaani wa huduma kwa wahitaji, hauna kitu. Wanajumuiya tukachanga usiku kwa simu, huyu buku mbili, yule buku tano, mpaka mwenye nyumba akakubali kumvumilia. Mfuko ule hauna kitu kwa sababu unapewa kinachobaki, na jengo halibakishi.

Andiko la zaka tunalosomewa kila mara ni Malaki 3:10. Rudini nyuma kidogo, aya ya 5: Mungu anasema atawashuhudia vikali wanaomdhulumu mwajiriwa mshahara wake, na wanaomwonea mjane na yatima. Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inaagiza zaka ya kila mwaka wa tatu iwekwe malangoni, Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Maskini alikuwa na fungu lake ndani ya zaka yenyewe. Hata kanisa la kwanza, wajane waliposahauliwa kwenye mgao wa kila siku (Matendo 6), mitume waliwasimamisha watu saba kwa kazi hiyo tu.

Najua nitajibiwa kwa 2 Wathesalonike 3:10, asiyetaka kufanya kazi asile. Someni na aya ya 11: Paulo anawasema watu waliokuwa wakizurura na kujiingiza katika mambo ya wengine. Kijana anayesukuma mkokoteni Kariakoo tangu alfajiri hayumo humo. Mama muuza mihogo hayumo. Hao wanafanya kazi kuliko wengi wetu, ila mtoto akilazwa mara moja tu, mtaji umekwisha.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya serikali, TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, ipo tangu 2000. Ipo, na iendelee. Lakini Mwalimu Nyerere, akizungumza na Masista wa Maryknoll kule New York mwaka 1970, alisema Kanisa lisiposhiriki kuipinga mifumo inayowatia watu umaskini, litakosa maana kwao. Kwa hiyo hata chakula peke yake hakitoshi, tuwasemee pia.

Pendekezo langu: sehemu ya kumi ya makusanyo yote iwekwe kando kwa ajili ya maskini kabla ya mgawanyo mwingine wowote.

Jibu kutoka Tabata: Mpendwa, mimi ni mhasibu wa usharika. Kuna mgao wa dayosisi, umeme, na deni la benki tulilokopea paa. Ukikata kumi juu kwa juu, wa kwanza kukosa ni mwinjilisti, naye ana watoto shuleni. Huyo si maskini?

Jibu kutoka Kigamboni: Tuanze na wa kwetu. Wagalatia 6:10, jamaa ya waaminio. Tukifungua mlango kwa kila mtu tutafurika.

Jibu kutoka Mbagala: Parokiani kwetu msaada unapitia jumuiya ndogondogo, na wanachama wa chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo wanawafuata wahitaji majumbani. Zamani waliitwa kwa majina mbele ya waumini wote. Mzee mmoja alipokea mfuko wake wa unga, hakuonekana tena misani. Kabla ya kujadili asilimia, jadilini namna ya kutoa.

Mwanzisha mada: Dada wa Tabata, umenibana kwa haki. Mwinjilisti asiyelipwa ndiye mwajiriwa wa Malaki 3:5, asiguswe. Basi tuanze na sadaka ya Jumapili moja kila mwezi, jengo lisiikope. Ndugu wa Kigamboni, aya uliyoitaja inaanza kwa kusema tuwatendee watu wote mema. Mitaa yetu imechanganyika. Usiku ule jirani Mwislamu alichanga kwa ajili ya mjane wetu, siwezi kumwambia mfuko wetu haumhusu. Mbagala, nakubali kabisa: kwa bahasha, nyumbani kwake, bila kamera.

Wazee wa kanisa na wahasibu mliomo humu, kwenu fungu la maskini linatoka kabla ya mgawanyo au baada? Na nani anaamua apewe nani?