Fundi wa steshenari Mwanjelwa kachana majalada ya vitabu vya marehemu baba, na bado ananidai hela

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Marehemu baba alikuwa mwalimu wa Kiingereza sekondari huko Tukuyu. Aliacha vitabu vingi, ila vitano nilivipenda kuliko vyote hata kabla sijaweza kuvisoma: vile vya rangi ya chungwa vya African Writers Series, mfululizo wa vitabu vya waandishi wa Kiafrika, kila kimoja na namba yake. Things Fall Apart namba 1, No Longer at Ease namba 3, Weep Not, Child namba 7, Arrow of God namba 16, The River Between namba 17. Vilikaa rafu ya juu, ukiingia sebuleni unaviona kabla hujamwona mwenye nyumba.

Mvua za Tukuyu mnazijua. Unyevu umevila miaka yote hiyo, gundi ya mgongo ikaachia, karatasi zikawa zinachomoka moja moja. Mwezi uliopita nikavipeleka steshenari moja Mwanjelwa, hapa Mbeya. Nikamwambia kijana kwa mdomo wangu: paka gundi mpya mgongoni, jalada lirudi lilelile. Elfu nne kila kitabu. Nikatanguliza elfu kumi.

Jumamosi nakwenda kuvichukua, napewa vitu vitano vya manila ya bluu, mgongoni utepe mweusi, pini tatu tatu ubavuni kama ripoti ya field ya mwanachuo. Nikadhani kakosea mzigo. Nikafungua, nikakuta mwandiko wa baba pembeni mwa ukurasa, nusu yake imeliwa na mashine ya kukatia. Neno alilolianza limeishia hewani.

Namuuliza majalada yako wapi, ananijibu, "Dada, si maandishi yote yamo ndani?"

Hapana, hayamo yote! Mfululizo ule ulianzishwa mwaka 1962 na wachapishaji Heinemann wa London, Chinua Achebe mwenyewe, mwandishi wa Things Fall Apart, akiwa mhariri miaka ya mwanzo, na riwaya za mfululizo huo zilivaa chungwa ili mtu azitambue kwa mbali. Mwalimu, mwanafunzi, muuza vitabu, wote walijua rangi ile maana yake nini. Na namba 7 ya baba ilikuwa toleo la zamani, jaladani imeandikwa James Ngugi, kabla mwandishi hajaliacha jina la James na kuwa Ngũgĩ wa Thiong'o. Hiyo ni historia, na ilikuwa juu ya jalada. Wewe umeikata, umeitupa!

Nikainama kwenye boksi la takataka chini ya mashine ya fotokopi, mbele ya wateja, sikuona aibu. Nimepata mawili, namba 3 na namba 16, moja limekunjwa mara nne. Mengine anasema yalishawashia jiko la mama ntilie wa jirani.

Halafu mwenye duka anatoka ananidai elfu kumi iliyobaki, eti kazi imefanyika na karatasi zimeshikana. Ni kweli zimeshikana, tena kwa pini, kiasi kwamba kitabu hakifunguki hadi katikati, mistari ya ndani huisomi mpaka ukivunje. Hela hiyo sitoi. Na elfu kumi yangu naitaka.

Ninyi mafundi wa steshenari, mteja akileta kitabu cha zamani, muulize kabla hujashika mkasi. Ni swali la sekunde tano. Wengi wenu mmezoea ripoti za wanachuo, na kazi hiyo mnaiweza, basi kingine mkatae tu. Ningekwenda kwingine, nisingenuna.

Wana Mbeya, Iringa, Njombe: kuna yeyote anayemjua fundi wa kujalidi kwa mkono, wa sindano na uzi, anayeweza kuzitoa pini hizi bila kuchana karatasi? Hata kama yuko Makambako nitapanda gari.

Na mwenye Weep Not, Child ya zamani yenye jina la James Ngugi, hata kama ndani imeliwa na mchwa, anitumie ujumbe. Jalada tu nalinunua.