"Zima rauta uwashe" ndio mnavyotufutia ushahidi, halafu mnasema shida iko ndani ya nyumba zetu

Wadau wa Mombasa, hasa nyie wa Mtopanga, Bamburi na Kisauni yote kwa jumla, leo nimechoka na nitasema. Kampuni siitaji, wenye laini yao watajijua. Mtandao ukikatika ukapiga simu jibu ni lile lile, zima rauta, ngoja kidogo, washa. Ukiuliza shida yenyewe ni nini hawajui, ila kuzima wanajua. Sasa sikilizeni, rauta nyingi hizi za nyumbani zinaweka logi, ile orodha ya yaliyotokea ndani yake, kwenye memori ya muda tu, ukichomoa adapta inafutika yote, kwa hivyo ukishamtii yule wa kasta kea ule ushahidi pekee uliokuwa nao umekwenda, halafu fundi akija siku zake anakuuliza "kwani rauta ilikuwa inaonyesha nini?" Si mmeniambia nizime! Itaonyesha nini tena?

Safari hii sikuzima. Niliingia kwenye rauta kwa kuandika anwani yake 192.168.1.1 kwenye brauza, nikafungua ukurasa wa logi, nikapiga picha mstari kwa mstari. Na nataka kila mtu hapa ajue kuisoma manake tunadanganywa mchana kweupe.

Kila mstari una saa, una ngazi ya uzito na una ujumbe. Ngazi ni 0 mpaka 7, na namba ikiwa ndogo ndio mambo mabaya zaidi, 0 mfumo haufai kabisa, 3 ni kosa, 4 ni onyo, 6 ni taarifa ya kawaida tu, 7 ni maelezo ya kina ya mafundi. Rauta nyengine zinaandika neno badala ya namba lakini mpango ni huo huo. Basi fundi waliyenitumia akafungua, akaona mistari ya DHCP, ile huduma ya rauta ya kugawia vifaa anwani, imejaa, yote ngazi 6, akaniangalia usoni akasema "mna vifaa vingi, vinailemea rauta, mchukue paketi kubwa". Yaani ile mistari ni simu zinaomba kuendelea na anwani zao! Simu ikipewa anwani ya saa 24, ikifika nusu, saa 12, inarudi kuomba tena, ndio DHCP inavyofanya kazi dunia nzima. Na hapo hapo katikati kuna mistari ya ngazi 2 na 3 imekaa, hakuisoma, kidole kimepita juu yake.

Mistari yenyewe ni hii. Saa 21:14:07, LOS, yaani mwanga wa faiba haufiki kwenye rauta. Sekunde hiyo hiyo, WAN, yaani upande wa rauta unaotoka nje kwenda kwenye intaneti, imeanguka. Kama nusu dakika mbele, PPP, yaani kule kuingia kwa akaunti yangu kwenye seva yao, imekatika kwa sababu maswali ya LCP, yale ya "bado upo?", hayajibiwi. Halafu 21:16 mwanga unarudi, PPP inaanza upya, napata anwani, navuta pumzi, 21:22 LOS tena. Usiku mzima hivyo hivyo, na mimi kazi yangu ni ya mtandaoni, nasikiliza rekodi za watu nachapa, mteja ananingoja na faili limekwama njiani.

Angalieni mpangilio, mpangilio ndio kila kitu. LOS imetangulia, PPP imefuata. Ingekuwa PPP imekataa na LOS haipo, tungesema shida ni akaunti yangu au seva yao. Ingekuwa WAN iko sawa na simu tu zinatolewa kwenye wifi, hapo sawa, niambieni kuta zangu nene, niambieni nisogeze rauta. Lakini mwanga ukipotea, hiyo ni faiba kutoka kwenu mpaka kwangu, wifi yangu inaingiaje hapo?

Wakaniambia stima. Ati Kisauni stima inacheza, rauta inajizima. Haya, rauta hizi nyingi hazina betri ya saa, zikizimika zikiwaka tena tarehe inarudi kule ilikotoka kiwandani, mara nyingi 1 Januari 1970, mpaka ipate saa sahihi kutoka kwenye intaneti. Logi yangu inatoka Jumapili mpaka Jumatano bila kukatika, hakuna 1970 hata moja. Rauta ilikuwa macho siku zote hizo! Na wanalijua hili kuliko mimi, kwa sababu vifaa vya GPON, huu mfumo wa faiba za nyumbani, vingi vikikosa stima ghafla vinatuma ujumbe wa mwisho kabisa kabla ya kuzimika, mtambo wao huko ofisini unaweza kutofautisha nyumba iliyokosa stima na nyumba iliyokosa mwanga. Kwa nini mnaniuliza kama nina tokeni wakati mtambo wenu unaweza kuwajibu?

Mwengine akanipa ile hadithi ya waya wa baharini. Mei 2024 waya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu kule kusini kweli Afrika Mashariki nzima tuliumia, hakuna anayebisha, lakini waya wa baharini ukikatika mwanga wa nyumbani kwako haupotei, PPP inabaki juu, anwani unayo, ila kurasa za nje ndio zinaburura au hazifunguki. LOS haitoki baharini. Na inaniuma zaidi kwa sababu sisi ndio mji ambao waya za TEAMS na SEACOM zimetua tangu 2009 na EASSy 2010, bara wote wanapitia kwetu, halafu mtu wa Mtopanga anakosa mwanga kwa ajili ya kikasha cha juu ya nguzo.

Ndio, kikasha. Kiko kwenye nguzo mbele ya nyumba, mfuniko unaning'inia tangu mvua za masika, waya wangu umekunjwa kona kali umefungwa kwa kamba ya nailoni. Kioo cha faiba kikikunjwa hivyo mwanga unavuja. Upepo wa kusi ukivuma waya unacheza, na ukiangalia logi ndio saa zile zile LOS zinafuatana. Siku ya kufungiwa laini nguvu ya mwanga ilisoma -19 dBm, kipimo ambacho namba ikizidi kushuka chini ya sifuri ndio mwanga hafifu, kwenye karatasi yao wenyewe. Mara ya mwisho nilipoiangalia ilisoma -29. Hiyo ni tofauti ya 10, manake ninachopata ni sehemu moja ya kumi ya mwanga wa mwanzo, na kifaa cha kawaida cha GPON kinahakikishiwa mpaka -27 tu. Nimewatumia picha ya kikasha, nimewatumia picha ya logi, tiketi imefungwa imeandikwa "imetatuliwa, mteja ameshauriwa kuwasha upya". Nani ametatua nini?

Wale mnaoona mistari ya port scan (mtu kujaribu milango ya rauta) au DoS (kuilemea rauta kwa maombi) mkaambiwa mmeingiliwa na mahaka, tulieni. Nyingi ya hizo ni mashine za huko nje zinabisha kila mlango wa intaneti, ukuta wa rauta umezizuia ndio ukaandika. Mkiambiwa mlipie huduma ya ulinzi kwa ajili ya mistari hiyo msitoe hata shilingi.

Kilichonipandisha hasira mpaka nikafungua uzi huu ni cha jana. Nimeingia tena kwenye rauta, ukurasa wa logi haupo. Ukurasa wa nguvu ya mwanga haupo. Paswadi yangu inafungua jina la wifi na paswadi ya wifi, basi. Wamezifunga kwa mbali baada ya mimi kuwatumia zile picha! Badala ya kumpandisha mtu kwenye nguzo wameona wanizibe macho. Mimi nalipa kila mwezi, mwanga ni wa nyumbani kwangu, kwa nini nisione namba yake?

Picha ninazo na nazipeleka Mamlaka ya Mawasiliano pamoja na ile tiketi waliyoifunga. Nyie wa laini hiyo hiyo, kabla ya kuzima kitu chochote pigeni picha ukurasa wa logi na wa nguvu ya mwanga, saa ionekane, mziweke hapa na mtaa wenu. Nataka niende na za nguzo nzima.