Mjadala: Kampuni ni ya Kijerumani, wafanyakazi wako dunia nzima. Kwa nini kura ya bodi iishie mpakani mwa Ujerumani?

Mleta mada (Dar es Salaam)

Wakuu, heshima kwenu. Kiwanda cha saruji cha Twiga pale Wazo Hill, hisa zake nyingi ziko mikononi mwa Heidelberg Materials ya Ujerumani. Sakata la wenye Twiga kuinunua Tanga Cement lilipokuwa moto, tulibishana kuhusu ushindani wa soko na bei ya mfuko. Sikumsikia mtu akiuliza wale wanaokaa juu kabisa kule Heidelberg, wanaowateua wakurugenzi wakuu, wanachaguliwa na nani.

Kampuni ya hisa ya Kijerumani ina vyombo viwili vya juu. Kuna Vorstand, watendaji wanaoiendesha kampuni siku hadi siku. Juu yao kuna Aufsichtsrat, bodi ya usimamizi. Bodi hii ndiyo inayowateua watendaji kwa vipindi visivyozidi miaka 5, inawakagua, na inaweza kuwaondoa ikiwa na sababu nzito. Mtu haruhusiwi kukaa pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Kinachonivutia ni namna ya kuijaza bodi hiyo. Kampuni ikivuka wafanyakazi 2,000, sheria ya mwaka 1976 inataka nusu ya wajumbe wachaguliwe na mkutano mkuu wa wanahisa na nusu na wafanyakazi. Ikiwa kati ya 500 na 2,000, wafanyakazi wanapata theluthi moja. Sekta ya makaa ya mawe na chuma ina sheria yake kali zaidi, ya tangu 1951. Waajiri waliipeleka ile ya 1976 Mahakama ya Katiba, na tarehe 1 Machi 1979 wakashindwa.

Naiheshimu sana sheria hii, na ndiyo maana kasoro yake inaniuma. Wafanyakazi wanaohesabiwa, wanaopiga kura na wanaoweza kugombea ni wale walioajiriwa ndani ya Ujerumani tu. Wa Wazo Hill hayumo. Wa Ghana na Togo, ambako Heidelberg pia wana viwanda, hayumo. Nasema huo ni ubaguzi wa mahali pa kazi, na unapaswa kukoma. Karibuni.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Ndugu mleta mada, nakuheshimu lakini hapa sikubaliani nawe hata kidogo, na naanza mbali zaidi ya unapotaka. Mimi hata hiyo nusu ya wafanyakazi wa Ujerumani siikubali. Anayeweka mtaji ndiye anayeupoteza kampuni ikianguka. Mfanyakazi ana mkataba, ana chama, ana mahakama ya kazi. Kiti cha bodi ni cha nini tena?

Na tusiwafanye wawakilishi wa wafanyakazi malaika. Kashfa ya Volkswagen iliyofichuka mwaka 2005 ilionyesha kampuni ikimlipa mwenyekiti wa baraza la wafanyakazi, Klaus Volkert, marupurupu ya siri, pamoja na safari za anasa. Huyo alikuwa pia mjumbe wa bodi ya usimamizi. Mwaka 2008 mahakama ya Braunschweig ilimhukumu kifungo. Peter Hartz, mkurugenzi wa rasilimali watu aliyeruhusu malipo yale, alikuwa ameshatiwa hatiani mwaka 2007. Mwajiri na mlinzi wa wafanyakazi wakikaa meza moja miaka mingi, wanazoeana. Sasa wewe unataka tuipanue meza hiyo hadi Dar.

Mchangiaji aliyeko Hannover

Nimepiga kura hizi hapa Ujerumani, kwa hiyo niseme ninachokijua.

Kwanza, hiyo "nusu" isiwadanganye. Bodi ya kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 20,000 ina wajumbe 20. Kumi wa upande wetu hawachaguliwi kwa mkupuo. Saba hutoka miongoni mwa wafanyakazi wenyewe, na mmoja wao lazima awe wa ngazi ya mameneja wakuu, ambaye mara nyingi moyo wake uko kwa watendaji. Watatu hupendekezwa na vyama vya wafanyakazi, kama IG Metall, kisha nao hupigiwa kura. Kampuni ikiwa na wafanyakazi zaidi ya 8,000, kwa kawaida hatuwapigii wajumbe kura moja kwa moja. Tunachagua wawakilishi, takriban mmoja kwa kila wapiga kura 90, na hao ndio wanaokwenda kuchagua.

Pili, mwenyekiti. Akikosa theluthi mbili za bodi nzima, upande wa wanahisa unamchagua peke yake na sisi tunaambulia makamu. Kura zikifungana mara mbili, mwenyekiti ana kura ya pili. Mwishoni mwa 2023 pale Thyssenkrupp, kampuni kubwa ya viwanda, wafanyakazi walipinga kuongeza wajumbe wa Vorstand. Mwenyekiti Siegfried Russwurm akatumia kura yake ya pili, na jambo likapita. Kwa hiyo, kaka wa Nairobi, mtaji haujawahi kupoteza neno la mwisho chini ya sheria ya 1976. Ni kwenye makaa ya mawe na chuma tu ndiko kuna mjumbe wa kati asiye wa upande wowote.

Na kuhusu Volkert: alikamatwa, akashitakiwa, akahukumiwa. Mkuu, ungependa kufuta Bunge kwa sababu mbunge mmoja alikula rushwa?

Mleta mada, nawe nina swali kwako. Uchaguzi huu una kamati yake, orodha ya wapiga kura, saini za wapendekezaji, na mahakama ya kazi ya kukimbilia ukidhulumiwa. Bunge la Ujerumani linawezaje kuamuru uchaguzi ufanyike Wazo Hill, kwenye nchi huru yenye sheria zake?

Mleta mada (Dar es Salaam)

Dada wa Hannover, swali lako ndilo lililobishaniwa mahakamani. Mwanahisa mmoja wa TUI, kampuni ya utalii, alifungua kesi Berlin. TUI ilikuwa na wafanyakazi kama 50,000 duniani, na Ujerumani kulikuwa na zaidi kidogo ya 10,000 tu. Hao wachache ndio waliochagua nusu nzima ya bodi. Shauri likafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, ambayo tarehe 18 Julai 2017 ilisema sheria ya Ujerumani haivunji sheria za Umoja wa Ulaya.

Lakini mwangalieni aliyeshitaki. Hakutaka wafanyakazi wa nje wapewe kura. Alitaka bodi iwe ya wanahisa watupu, kwa madai kwamba sheria yenye ubaguzi haipaswi kutumika kabisa. Hapo ndipo mimi na ndugu yangu wa Nairobi tunapoachana. Mkiiacha kasoro hii bila kuitibu, mnampa silaha kila anayetaka kuifuta sheria yote.

Na madhara yake yanaonekana. Desemba 2024 Volkswagen na IG Metall walifikia mapatano: kazi zaidi ya 35,000 zipunguzwe Ujerumani hadi 2030, lakini hakuna kiwanda cha Ujerumani kitakachofungwa mara moja. Wakati huohuo kiwanda cha Brussels cha Audi, kampuni tanzu ya Volkswagen, chenye watu wapatao 3,000, kilikuwa kinasubiri kufungwa, na Februari 2025 kikafungwa. Ubelgiji ni Ulaya, si Afrika, na bado watu wale hawakuwa na kura katika bodi ya Audi. Fikirini sisi.

Mchangiaji aliyeko Hannover

Brussels ilikuwa inaunda gari lisilouzika, tuseme ukweli. Hata bodi ingejaa Wabelgiji, mauzo yasingepanda.

Ila nakiri hili: wenzetu Volkswagen wana kinga ambayo kampuni nyingine hazina. Sheria maalumu ya kampuni hiyo, ya tangu 1960, inasema kujenga au kuhamisha kiwanda kunahitaji theluthi mbili ya kura za bodi. Wafanyakazi ni 10 kati ya 20, kwa hiyo wakishikamana hakuna kinachopita. Wanaitumia kinga hiyo kwa ajili ya miji yao. Ukichaguliwa na watu wa Wolfsburg, yaliko makao makuu ya Volkswagen, utawatetea watu wa Wolfsburg. Sheria inasema kila mjumbe anawajibika kwa maslahi ya kampuni nzima wala hapokei maagizo ya mtu, lakini huwezi kumsahau aliyekuchagua.

Mchangiaji kutoka Mwanza

Wakuu, mnabishana kuhusu nusu ya wafanyakazi kana kwamba ile nyingine ni safi. Mimi nahofia zaidi upande wa wanahisa.

Majina yao hupendekezwa na kamati ya uteuzi ndani ya bodi, ambayo kwa mujibu wa kanuni zao za utawala bora huwa na wawakilishi wa wanahisa peke yao. Mkutano mkuu unapelekewa majina, na mwenye hisa nyingi ameshaamua. Volkswagen, zaidi ya nusu ya kura iko kwa Porsche SE, kampuni ya familia za Porsche na Piëch. Jimbo la Lower Saxony lina asilimia 20, Qatar 17. Aliye na hisa zake chache anakwenda kusikiliza hotuba tu. Mwaka 2012 Ferdinand Piëch akiwa mwenyekiti, mkewe Ursula alichaguliwa kuingia kwenye bodi hiyohiyo. Mke na mume, bodi moja, kampuni kubwa kuliko zote Ulaya kwa magari!

Kisha ikaja kashfa ya dizeli Septemba 2015, Volkswagen ilipobainika kudanganya vipimo vya moshi wa magari yake. Hans Dieter Pötsch, aliyekuwa mkurugenzi wa fedha miaka yote ile, alivuka moja kwa moja kutoka Vorstand na kuwa mwenyekiti wa bodi ya kuikagua Vorstand, Oktoba hiyohiyo, akiteuliwa kwanza na mahakama. Sheria inataka mtendaji wa kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa asubiri miaka 2, lakini wanahisa wenye zaidi ya asilimia 25 ya kura wakimpendekeza, kizuizi kinaondoka. Akawa anakagua mahesabu yaliyopita mezani kwake mwenyewe.

Na Wirecard, ile kampuni ya Kijerumani ya malipo ya kielektroniki? Ilianguka kwa udanganyifu wa mahesabu Juni 2020 na bodi haikuwa na mwakilishi hata mmoja wa wafanyakazi. Ndugu wa Nairobi, pale wenye mtaji walikuwa peke yao, kama unavyotaka. Nani aliwalinda?

Mchangiaji kutoka Nairobi

Hoja ya Wirecard ni nzito, naipokea. Lakini Volkswagen ilikuwa na wafanyakazi 10 bodini na kashfa ya dizeli ikatokea vilevile. Kwa hiyo kiti cha mfanyakazi si dawa ya udanganyifu.

Halafu mnasahau kuwa kampuni zina miguu. Ipo njia ya kujisajili kama kampuni ya Ulaya, SE. Kampuni ikigeuka SE ikiwa bado ndogo, kiwango cha uwakilishi wa wafanyakazi kinabaki pale kilipokuwa hata ikikua mara kumi. Ongezeni masharti ya kupiga kura hadi Afrika, mtaona zinavyokimbilia huko.

Mleta mada (Dar es Salaam)

Ndugu, umenigusia SE, nami naitumia. Allianz ya bima iligeuka SE mwaka 2006, BASF ya kemikali mwaka 2008. Katika SE viti vya wafanyakazi hugawanywa kwa nchi, na bodi hizo zimekuwa na wajumbe kutoka nje ya Ujerumani: Allianz wamekaa Wafaransa, BASF Wabelgiji. Kwa hiyo ule ugumu wa "nchi huru haiwezi kuamriwa" ulipatiwa njia kwa mazungumzo. Unaishia Ulaya kwa sababu waliokaa kuzungumza walitaka uishie Ulaya.

Na iko njia isiyohitaji hata kubadili sheria. Dada wa Hannover ametaja viti vya vyama vya wafanyakazi. Anayependekezwa na chama si lazima awe mwajiriwa wa kampuni, wala si lazima awe Mjerumani. Daimler-Benz ilipoungana na Chrysler mwaka 1998, IG Metall waliachia kiti chao kimoja, akakalia Stephen Yokich, rais wa chama cha wafanyakazi wa magari wa Marekani, UAW. Sheria ilikuwa hiihii ya 1976. Alipoondoka, kiongozi mwingine wa chama hicho akaingia.

Bodi ya Heidelberg ina wajumbe 12. Sita ni wa wafanyakazi, na wawili kati yao ni viti vya vyama. Ninachoomba ni kiti kimoja kati ya hivyo viwili kipewe mtu aliyependekezwa kwa pamoja na vyama vya wafanyakazi wa saruji wa Tanzania, Ghana, Togo na kwingineko. Wafanyakazi wa Ujerumani ndio watakaompigia kura, sheria haikiukwi popote.

Mchangiaji aliyeko Hannover

Kaka, mfano wa Daimler ni wa kweli, nilikuwa sijauweka kwenye hesabu. Ila Wamarekani walikuwa na nguvu: maelfu kwa maelfu ya wanachama, na chama kinachoweza kusimamisha mitambo. IG Metall waliwahitaji. Nyinyi mtawapa nini wenzenu wa Ujerumani ili wakubali kupoteza kiti?

Mleta mada (Dar es Salaam)

Tutawapa taarifa, dada. Mjumbe wa bodi anayetaka kujua hali ya kiwanda cha Afrika anasoma taarifa iliyoandikwa na watendaji anaopaswa kuwakagua. Usalama kazini, vibarua wa wakandarasi, vumbi kwa majirani, yote yanapita kwenye kalamu ya menejimenti kwanza. Ujerumani kwenyewe tangu 2023 kuna sheria inayozitaka kampuni kubwa ziangalie haki za binadamu kwenye minyororo yao ya ugavi. Mjumbe anayepigiwa simu na mtu wa zamu ya usiku wa Wazo Hill anawafaa hao Wajerumani watano waliobaki upande wake.

Swali langu kwa walio kwenye vyama vya wafanyakazi hapa Tanzania na Kenya: kuna aliyewahi kuandika barua rasmi kwa chama cha Ujerumani kuomba kiti? Aliyewahi aje atueleze alijibiwa nini. Kama hakuna, nina rasimu, na nahitaji mtu anayejua Kijerumani aipitie.

Mchangiaji aliyeko Hannover

Ilete. Nitaipitia, na nitakwambia waziwazi pale watakapoikataa.