Mtoto anaona "baba" anasoma "dada", na ofisi inataka UPI kwanza

Kutoka: Mama wa Bombolulu
Jumatatu, saa 3 usiku

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Nimerudi jioni hii, miguu inawaka moto. Mwanangu wa kati, yule tuliyevuka naye mpaka wa Horohoro kutoka Tanga kuja Mombasa akiwa darasa la tatu, sasa yuko Gredi 5 na kusoma bado hakuendi. Muhula uliopita mwalimu wake wa darasa aliniita akanionyesha daftari la insha. Karatasi zimetoboka kwa kufutwa na raba, ukurasa baada ya ukurasa. Akaniambia nimpeleke EARC, kituo cha kupima watoto wanaokwama kujifunza, apimwe. Ripoti ikitoka shule itampangia msaada, na mwakani kwenye KPSEA, mtihani wa Gredi 6, watamwombea KNEC, baraza la mitihani, muda wa ziada. Nilimshukuru sana, maana yeye ndiye mtu wa kwanza kuniambia jambo lolote zaidi ya "asome nyumbani".

Leo nimefunga genge, nimekwenda ofisi niliyoelekezwa. Nimekaa benchini tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba na nusu. Nilipofika mezani swali la kwanza: UPI ya mtoto, ile nambari yake ya mwanafunzi? Nikasema hana, cheti chake cha kuzaliwa ni cha RITA ya Tanzania, shule walijaribu kumwingiza NEMIS, mfumo wa kompyuta wa kuandikisha wanafunzi, ikakataa. Nikarudishiwa karatasi zangu. "Kapate UPI kwanza, mama." Shule nao wanasema UPI itapatikana nikileta pasi ya mwanafunzi kutoka Uhamiaji.

Swali langu kwenu: kuna aliyempimisha mtoto bila UPI? Na ninayo barua ya mwalimu wake wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) wa Tanga pamoja na karatasi ya daktari wa macho. Hizo zinapokelewa huku au ni bure?

Jana usiku nilimwandikia "baba". Akaweka kidole chini ya herufi, akaangalia kwa muda mrefu, akasema "dada". Nikadhani ananitania. Nikamtazama usoni, jasho linamtoka.

----

Kutoka: Fundi wa Likoni
Jumatatu, saa 4 usiku

Pole sana dada. Mimi binti yangu walimwingiza NEMIS kwa nambari ya pasipoti yake, lakini hiyo ni baada ya kwenda shuleni mara nne, na mara ya nne nilikaa ofisini kwa mwalimu mkuu mpaka karani akafungua kompyuta mbele yangu. Usikubali kuambiwa "mtandao hauko". Ombi la pasi kwenye eFNS, mtandao wa Uhamiaji, lifanye wewe mwenyewe, skani vyeti vyote, na kadi yako ya mgeni iwe haijaisha muda. Yangu ilikuwa imebakiza wiki mbili, wakanirudisha, nikaanza upya. Asubuhi nzima imeishia kwenye feri, kwenda na kurudi, kazi sijafanya. Ya EARC siyajui, binti yangu hakuhitaji.

----

Kutoka: Mtanga wa Kongowea
Jumanne, saa 12 asubuhi

Shoga yangu, usimpe mtoto ugonjwa ambao hana. Hilo ni tatizo la Kiingereza. Kwetu mtoto wa shule ya serikali anasoma kila kitu kwa Kiswahili mpaka anamaliza msingi. Huku kuanzia Gredi 4 Hisabati Kiingereza, Sayansi Kiingereza, wa kwetu anakaa kama bubu. Wangu alikuwa hivyo hivyo, wakataka kumrudisha madarasa mawili nyuma. Nikamtafutia twisheni, likizo zote tatu, kila asubuhi. Sasa anawafundisha wenzake. Tafuta mwalimu mzuri, achana na hayo maofisi.

----

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Tudor
Jumanne, saa 2 asubuhi

Marahaba mama, na pole kwa benchi.

Mtanga, naomba usiwapotoshe watu. "Baba" si Kiingereza. Mtoto huyu anakwama kwenye lugha aliyonyonya nayo, na hiyo ndiyo dalili ambayo mpimaji yeyote anayeijua kazi yake ataanza nayo. Mtoto mgeni wa Kiingereza husoma Kiswahili vizuri na kukwama kwenye Kiingereza. Mtoto mwenye ugumu wa kusoma hukwama kwote. Na kwa sababu Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, wengi wao hujificha ndani yake: wanapatia maneno lakini polepole, silabi kwa silabi, mpaka wafike mwisho wa sentensi mwanzo umeshasahaulika. Mzazi anasema "anajua kusoma, ni mvivu tu". Kisha wanakutana na Kiingereza, ambacho hakifuati matamshi yake, na ndipo kila mtu anashtuka.

Herufi b na d zina umbo moja, moja imegeuzwa. Kikombe ukikigeuza mkono wake upande wa pili kinabaki kikombe. Ubongo wa mtoto umezoea hivyo tangu kuzaliwa, na kwa watoto wengi zoea hilo linaisha wakiwa darasa la kwanza au la pili. Kwa wachache haliishi lenyewe. Akili zao ni nzima kabisa. Nimefundisha watoto wa namna hiyo waliokuwa wakipiga hesabu za kichwa kunishinda.

La twisheni ya likizo: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, imeipiga marufuku. Najua inafanyika kila mtaa. Lakini kumrundikia mtoto huyu masomo yale yale, kwa njia ile ile, asubuhi nzima ya likizo, ni kumwongezea mzigo uleule uliomwangusha. Anahitaji njia nyingine, muda mfupi, kila siku.

Mama, wakati unahangaika na karatasi, fanya haya. Masikio yapimwe pia, macho peke yake hayatoshi. Halafu chukua sinia, mwaga unga wa sembe, utandaze. Aandike b kwa kidole huku akitamka sauti yake, si jina lake. Wiki nzima b tu: baba, bata, bibi, embe. Usimguse na d mpaka b imekaa mkononi. Kosa letu walimu ni kuzifundisha pamoja "ili aone tofauti". Dakika kumi na tano, basi. Akichoka, msomee wewe hadithi, yeye asikilize.

----

Kutoka: Mtanga wa Kongowea
Jumanne, saa 3 asubuhi

Mwalimu, sikumpotosha mtu. Nimesema yaliyonitokea mimi.

----

Kutoka: Dada wa Mwembe Tayari
Jumanne, saa 7 mchana

Mimi ningeanza NCPWD, baraza la watu wenye ulemavu. Jirani yangu alipata kadi ya mwanawe huko, mambo yakafunguka.

----

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Tudor
Jumanne, saa 7 na nusu mchana

Hapana, hivyo ni vitu viwili. NCPWD inasajili watu wenye ulemavu, na njia yake inapitia hospitali. EARC ni ya elimu: inaangalia mtoto anajifunza vipi, asome wapi, mwalimu wake afanye nini. Vituo hivi vilianza 1984 kwa msaada wa Denmark, na kazi yake ndiyo hii anayoitafuta mama. Ripoti ikitoka, dai IEP, ule mpango wa mtoto mmoja mmoja. Ripoti bila IEP inaishia kwenye faili.

Na asingoje mwakani. KPSEA ni alama 40 tu kwa 100 za matokeo ya Gredi 6. Zile 60 zinatoka kwenye tathmini za shuleni za Gredi 4, 5 na 6, 20 kila mwaka. Kwa hiyo mtoto huyu tayari anapimwa, na nambari ya tathmini ya KNEC hutolewa tangu Gredi 3. Mama, uliza shule kama anayo. Kama hana, alama zake zimeingia kwa nani?

----

Kutoka: Mama wa Bombolulu
Jumanne, saa 8 mchana

Alikuja katikati ya darasa la tatu la kwetu, huku akaingizwa Gredi 4 moja kwa moja. Hakuna aliyenitajia nambari hiyo. Moyo umenipasuka.

----

Kutoka: Mzee wa Majengo
Jumanne, saa 2 usiku

Nimesoma yote, nami nina langu.

Karatasi, karatasi. Wamakonde walikuja pwani hii kukata mkonge na kuchonga, wakazaa, wakazikana hapa, na watoto wao walikosa vyeti vya kuzaliwa mpaka Oktoba 2016 walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais. Mwaka uliofuata ndipo wakapewa vitambulisho. Wapemba wamengoja mpaka 2023. Nina jirani Mpemba aliyeacha shule zamani kwa sababu hakuwa na karatasi ya kuandikishia mtihani, na alikuwa na kichwa kizuri kuliko sisi sote pale barazani. Leo anavua. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema "kila mtoto" ana haki ya elimu ya msingi bure na ya lazima. Hakikusema kila mtoto mwenye nambari. Na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inafanya kazi tangu Julai 2010, wanafunzi wametajwa humo. Kutoka Tanga kuja hapa mtu anaondoka asubuhi na kula chakula cha mchana Mombasa. Lugha ni moja, swala moja, pilau ni lile lile. Mpaka unauona kwenye fomu tu.

----

Kutoka: Fundi wa Likoni
Jumanne, saa 3 usiku

Mzee, siasa tuiache, mama ana shida ya wiki hii. Nchi ina watoto wake, na hata wao madawati hayawatoshi. Tufuate utaratibu, tupate haki yetu kwa utaratibu. Halafu NEMIS yenyewe inaondoka, wanahamia mfumo mpya, KEMIS, kwa hiyo hata hiyo njia yangu ya pasipoti sijui kama bado ipo.

----

Kutoka: Mzee wa Majengo
Jumanne, saa 3 usiku

Mtoto asiyeandikwa kwenye kompyuta hahesabiwi anapokaa. Hiyo si siasa, mwanangu.

----

Kutoka: Binti Chumbageni, sasa Kisauni
Jumatano, saa 5 asubuhi

Mmenikumbusha darasa letu la kwanza. Chati ya silabi ukutani, mwalimu na fimbo ya kuonyeshea, sisi sote kwa sauti moja: ba be bi bo bu. Dirishani mnazi, na harufu ya machungwa ya Muheza yanayopita kwenye malori. Tulikuwa na mwenzetu aliyekuwa akisogeza midomo tu bila sauti. Hakuna aliyejua kwamba hasomi mpaka darasa la nne. Sikuwahi kumfikiria tena mpaka nilipoisoma barua ya mama. Walikuwa wakimchapa.

----

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Tudor
Jumatano, saa 10 jioni

Mama, Jumamosi baada ya Adhuhuri mlete kwangu. Mimi si EARC, sina muhuri, na sitaki malipo. Nitamsikiliza akisoma nusu saa kwa Kiswahili na nusu saa kwa Kiingereza, kisha nitakuandikia ninachokiona, ukimpe mwalimu wake wa darasa. Yule mwalimu anaonekana ana moyo, mpe kitu cha kushika. Mkague begi, daftari lililotoboka lisibaki nyumbani. Lisisahihishwe, wala mtu yeyote asilifute.

----

Kutoka: Mama wa Bombolulu
Jumatano, saa 3 usiku

Mwalimu, Mungu akulipe, tutakuja. Nyote ahsanteni.

Jana usiku nilimwaga unga kwenye sinia. Mwanzoni aliona haya, akaenda kufunga mlango dada zake wasimwone. Akaandika b, akasema "b", akaulainisha unga kwa kiganja, akaandika tena. Mara ya kumi na kitu mkono ulikuwa haufikiri. Kisha akaandika neno zima peke yake, akaliangalia, akaniuliza, "Mama, hii ni baba?" Nikamwambia ndiyo. Hakuifuta. Sinia limelala mezani hadi asubuhi, tumekula chapati sakafuni.

Kesho saa moja naripoti shuleni kuuliza nambari ya KNEC, kisha Uhamiaji. Ile barua ya mwalimu wa Tanga bado hamjaniambia: niibebe au niiache?